Msoma Mita na Ukurasa wa Tisa

Darasani walimwita Mjomba, na jina hilo hakulichagua yeye. Siku ya kwanza chuoni aliingia ukumbini na mkoba uliochakaa kwapani, shati limenyooshwa vizuri kwa pasi, na vijana arobaini wakanyamaza kwa adabu wakidhani mhadhiri amefika. Alipopita mbele moja kwa moja na kwenda kukaa benchi la nyuma, ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Shikamoo, Mjomba!" kijana mmoja akapaza sauti, na jina likaganda hapohapo. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke, binti mmoja, na miaka kumi na moja ya kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba.

Na asije mtu akanidharaulia kazi hiyo. Unazunguka tangu asubuhi na daftari, unabisha mageti, unapiga magoti kwenye tope, unafunua kifuniko, unapangusa kioo kwa kidole gumba na kuandika tarakimu. Mbwa wanakujua kwa harufu na hawakupendi. Wenye nyumba wanakutazama utadhani ni wewe uliyeyanywa hayo maji. Wapo wasomaji ambao mvua ikishika hujichimbia kwenye kibanda cha chai wakabuni tarakimu za mtaa mzima, na mwisho wa mwezi watu wanapiga kelele ofisini hadi povu linawatoka. Mjomba hakuwahi kubuni hata moja. Tarakimu alizipenda mno kuzichezea. Alipokuwa akitembea alizigawanya moyoni, akisaka namba tasa, midomo ikimcheza. Mkewe, walipokuwa wachumba, alidhani kapata mwanamume wa sala.

Aliingia chuoni kwa jasho. Alijisomea jioni baada ya kazi, akarudia mitihani ya sekondari, mara ya kwanza akaangukia pua, mara ya pili akapita vizuri kuliko walimu walivyotarajia. Idara ya maji ikampa likizo ya miaka mitatu bila malipo. Mkewe, muuguzi msaidizi katika zahanati, akaomba zamu za ziada, na mara nyingi alizibeba mbili kwa siku moja. Alimwambia mumewe jambo moja tu: "Nenda kasome kweli. Mimi nitashika nyumba."

Sasa miaka mitatu ilikuwa inaishia. Jumanne moja asubuhi, ofisi ya idara ya hisabati iligawa fomu kwa wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho. Ilikuwa na kichwa kirefu, Tafakari ya Masomo na Mipango ya Baadaye, na maswali manne. Mjomba alikaa nayo kwenye ngazi za nje ya idara pamoja na wenzake wawili aliowazoea kuliko wote. Wa kwanza ndiye yuleyule aliyempigia shikamoo ukumbini siku ile. Huyu walimwita Bima, kwa kuwa tangu mwaka wa kwanza aliapa atafanya kazi kwenye kampuni ya bima au hafanyi kabisa. Wa pili alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyetaka kufundisha sekondari. Yeye walimwita Chaki.

"Swali la kwanza, hisabati imekufundisha nini," Bima alisoma kwa sauti. "Nimeandika imenifundisha kufikiri. Kila mtu anaandika hivyo. Ukweli ni kwamba imenifundisha kukosa usingizi."

"Na mipango yako?" Chaki akamuuliza.

"Kukisia watu watakufa lini, nilipwe vizuri, nivae tai." Wakacheka. Kisha Bima akaacha kucheka. "Nimetuma maombi sehemu nane. Nane, Mjomba. Hata wa kuniambia hapana hajapatikana."

Chaki alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya fomu yake. "Mama yangu analia nikitaja ualimu," alisema. "Anasema angejua angeniacha nisomee ushonaji. Na mimi mwenyewe naogopa. Mtoto akisimama darasani akaniuliza, mwalimu, haya mambo ya kazi gani, nitamjibu nini? Mimi mwenyewe sijui. Nayapenda tu."

"Mwambie yanakosesha usingizi," Bima akasema, lakini utani haukumtoka vizuri. Akamgeukia Mjomba. "Wewe usijisumbue na fomu. Ijumaa unawasilisha tasnifu yako, Jumatatu tunakuita mwalimu. Utukumbuke wapwa zako."

Hakuwa akimpaka mafuta. Idara ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na kila mtu alijua inamsubiri nani. Mjomba alikuwa ameandika tasnifu kuhusu kitu anachokijua kwa magoti yake: mabomba. Mji una mabomba mengi, na huwezi kufunga mita kwenye kila moja. Je, ukifunga chache, mahali panapofaa, unaweza kukokotoa maji yanayopita kwenye mabomba yote mengine? Mjomba alithibitisha kwamba, kwa mitandao ya aina fulani, unaweza. Kurasa thelathini na moja, hatua baada ya hatua. Msimamizi wake, mzee aliyekaribia kustaafu ambaye wanafunzi walimwita Daktari tu, alitembea na tasnifu hiyo korido nzima akiwaonyesha wenzake. Alikuwa amekwisha kumnong'oneza Mjomba kwamba Ijumaa ni kama kukamilisha ratiba. Barua ya idara ya maji, inayomtaka aseme kama anarudi kazini au anaacha, ilikuwa ndani ya mkoba bado haijajibiwa, kwa sababu Mjomba alitaka kuijibu kwa raha zake Ijumaa jioni.

Bima na Chaki wakaondoka. Mjomba akabaki na swali la tatu: Eleza kazi yako ya mwisho kwa maneno ambayo mtu wa nyumbani ataelewa, bila kutumia alama za hisabati. Akafurahi. Akafungua tasnifu yake magotini na kuanza kuigeuza kuwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa kwa ukurasa, huku akimfikiria mkewe akisoma. Alikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tisa.

Pale palikuwa na mstari aliouandika miezi sita nyuma: "Ni wazi kwamba mikondo hii miwili hailingani. Kwa hiyo tukigawanya pande zote kwa tofauti yake..." Watu wa hisabati wana tabia hiyo. Wakifika mahali wanapoona uvivu kueleza, wanaandika "ni wazi kwamba" na kuvuka. Mjomba akatafuta jinsi ya kumwambia mkewe hilo. Akaandika: "Mabomba mawili yaliyotoka tawi moja hayawezi kupitisha maji kiasi kilekile."

Akausoma mstari huo, na roho ikamruka.

Kwa sababu aliwahi kuyaona. Mwaka wake wa nne kazini, mtaa mmoja wa nyumba za zamani, mita za majirani wawili waliotumia tawi moja la bomba zilisomeka sawasawa mwezi mzima, mpaka tarakimu ya mwisho. Bosi wake alimwita ofisini akafoka kwamba amekaa kibandani akanakili mita moja mara mbili. Mjomba alimwomba waende wote. Wakaenda, wakapiga magoti, bosi akafuta vioo kwa leso yake mwenyewe. Zilikuwa sawa. Yule bwana aliinuka na tope kwenye suruali na hajaomba radhi mpaka leo. Msoma mita alilijua jambo hilo miaka yote. Mwanahisabati akalisahau alipoketi kwenye kiti cha maktaba.

Mikondo miwili ikiwa sawa, tofauti yake ni sifuri. Na kugawanya kwa sifuri hakuna, mtoto wa shule ya msingi anaambiwa hivyo kabla hajamaliza kung'oka meno. Kila kitu kuanzia ukurasa wa tisa hadi wa thelathini na moja kilikuwa kimeegemea mstari ule mmoja.

Siku hiyo nzima alijifungia maktaba akitafuta kiraka. Alijaribu kuizunguka hali hiyo, akajaribu kuidharau, akajaribu kuonyesha kwamba haitokei. Inatokea. Jumatano asubuhi akajaribu tena, kisha akafunga daftari na kupanda kwa Daktari.

Ofisi ya Daktari ilikuwa na kiti kimoja tu kisichokuwa na karatasi juu yake, na alikuwa amekikalia yeye. Mjomba akasimama. Akaeleza. Daktari akavuta tasnifu, akafungua ukurasa wa tisa, akausoma kwa kidole. Akavua miwani.

"Nimeusoma huu mara tatu," alisema.

"Najua, Daktari."

"Mara tatu, na sikuona." Uso wake ulikuwa umezeeka mbele ya macho ya Mjomba. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine: "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi nisikilize, ndugu yangu. Tasnifu ya mwanafunzi si msahafu. Watu wote wanaoandika wana mashimo. Ijumaa wasilisha kama ilivyo. Wakishakupa nafasi, tutakaa mimi na wewe mwaka mzima, kwa utulivu, tulizibe. Mimi naamini linazibika."

"Na wakiuliza?"

"Hawatauliza. Ukurasa wa tisa nani anafika?" Daktari akajaribu kutabasamu. "Nafasi hii nimeipigania miaka minne. Mwaka huu isipopata mtu, wataihamishia idara nyingine, na mimi nastaafu. Usijifanye mtakatifu kwa gharama ya watoto wako."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, lakini Mjomba hakumsahihisha. Afadhali Daktari angekuwa tapeli, Mjomba angemchukia, akalala. Lakini alikuwa mtu mwema aliyempenda mwanafunzi wake, na kila alichosema kilikuwa na mantiki. Pengine shimo lilizibika kweli. Pengine mwaka mmoja ungetosha. Nani angeumia kwa siku mbili za ukimya?

Alirudi nyumbani na hayo kichwani. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, na katika kile cha mbele binti yao alikuwa akifanya kazi za shule sakafuni. Mkewe alipotoka zamu Alhamisi alasiri, alianza kupiga pasi koti aliloliazima kwa kaka yake ili mumewe avae Ijumaa. Mjomba alipolijaribu lilimbana kidogo mabegani.

"Ukiandika ubaoni usinyanyue mkono sana, mshono utaachia," alimwambia. Kisha akamtazama vizuri. "Mbona tangu juzi umepoa hivyo? Chakula huli, ukiulizwa hujibu."

"Wasiwasi wa kesho tu."

"Utawamaliza," mkewe akasema, akairudia kola. "Zamu za usiku naziacha mwezi ujao. Nimeshamwambia muuguzi mkuu. Miguu hii imechoka, baba watoto, wewe acha tu."

Mjomba akasema ni vizuri. Akatoka nje kusimama kidogo.

Ijumaa saa nne asubuhi chumba cha mikutano cha idara kilijaa. Mezani walikaa watu watatu: mkuu wa idara, aliyekuwa mama mkavu asiyependa maneno mengi, mtahini kutoka chuo kingine, aliyekuwa akiangalia saa tangu alipoingia, na Daktari, pembeni. Bima na Chaki walikaa nyuma, Bima kavaa tai kwa heshima ya siku. Mjomba akaanza. Alikuwa fundi wa kueleza, hilo hata maadui zake wangekiri. Aliwachorea mji na mabomba yake, watu wakaacha kukohoa. Akamaliza ukurasa wa tano, wa saba, wa nane. Akageukia ubao na kuandika mlinganyo wa ukurasa wa tisa.

"Ni wazi kwamba mikondo hii miwili..." alisema.

Akanyamaza. Chaki baadaye alisimulia kwamba alidhani amesahau, akawa anamwombea. Hakuwa amesahau. Alikuwa akiutazama mstari aliouandika kwa mkono wake huku akiona vioo viwili vya mita vimefutwa kwa leso.

"Endelea," mkuu wa idara akasema. "Una dakika kumi."

"Si wazi," Mjomba akasema, "na si kweli." Akaeleza kwa nini. Akawaambia habari ya nyumba mbili, bila kumtaja bosi. Akasema kwamba alichothibitisha kinasimama tu pale mikondo isipolingana, na kwamba ikilingana hana la kusema, na kwamba amejaribu kupatengeneza na ameshindwa. Alipomaliza, mtahini wa nje alikuwa ameacha kuangalia saa.

"Uliligundua lini?" mtahini akauliza.

"Jumanne."

"Msimamizi wako analijua?"

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa anafuta miwani, anaifuta upande mmoja, anaigeuza, anaifuta tena.

"Kosa ni langu," Mjomba akasema. Halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na kila mtu mle ndani alisikia kwamba halikuwa.

Wakamtoa nje, wakamwita baada ya nusu saa. Shahada ataipata, marekebisho afanye. Kuhusu nafasi ya mhadhiri msaidizi, mkuu wa idara alisema kwa upole usio wa kawaida yake, jopo halikuweza kumpendekeza mtu ambaye matokeo yake makuu hayasimami. Daktari alitoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye korido Bima alimshika Mjomba bega. "Una wazimu," akamwambia. "Una wazimu kabisa, Mjomba." Chaki alikuwa akilia, na Mjomba ndiye aliyembembeleza.

Alifika nyumbani mchana. Binti alikuwa bado shuleni. Mkewe alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili awepo, na chumba kilikuwa kimefagiliwa kana kwamba wanatarajia mgeni. Mjomba akavua koti, akalitundika, akamweleza yote tangu mwanzo, kwa maneno ya kawaida, kama fomu ilivyotaka. Mkewe alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nafasi hakuna."

"Hakuna."

"Na hilo shimo umeliziba?"

"Bado."

"Basi kazi imekwenda na shimo lipo." Hakufoka. Mjomba alikuwa amejiandaa kufokewa, na sasa hakujua aweke wapi mikono yake. "Ulijua Jumanne," mkewe akaendelea. "Jumanne tukala pamoja. Jumatano. Jana napiga pasi koti, nakuuliza una nini. Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Usinidanganye. Umetoka kuwaambia ukweli watu usiowajua hata kwao. Usije ukanidanganya mimi."

Mjomba akakaa chini. Nje mtu alikuwa anaita jirani, akajibiwa, wakacheka.

"Ungeniambia," mkewe akasema polepole, "ningekwambia unyamaze."

"Ndiyo."

"Ningekwambia, mume wangu, nyamaza siku moja tu, hawa watu hawasomi. Na ungenisikiliza."

"Ningekusikiliza."

"Ndiyo maana hukuniambia." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakuyafuta. "Miaka mitatu nimebeba zamu mbili, nikijua hii ni yetu wote. Ilipofika siku ya kuamua, ulikaa ukapiga hesabu peke yako. Na mimi ukanitoa."

Mjomba aliipitia hesabu hiyo ya mkewe hatua kwa hatua, kama alivyozoea, akitafuta kosa. Hakuliona.